Danki Langu la 1994

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi kali. Ukungu umekuja mpaka mlangoni mwa duka. Tangu asubuhi nimeuza pakiti moja tu ya mbegu za sukuma wiki, na aliyeinunua alikuwa amejikinga manyunyu, akaona aibu kuondoka bure.

Lakini simu imeleta habari njema! Madam Karwirwa, mwalimu mkuu wa shule yetu ya zamani, Shule ya Upili ya Kirumuni, ametuandikia wanafunzi wa zamani kwenye kundi la WhatsApp. Ule uwanja wa mpira wa kikapu uliochongwa ubavuni mwa kilima mwaka wa 1991, ule wa udongo ambao mpira ukikuponyoka unaishia kwenye kahawa ya jirani, utavunjwa. Utajengwa mwingine wa simiti, uliosawazishwa kwa tingatinga. Nao utapewa jina la mchezaji bora kuliko wote waliowahi kupita Kirumuni, wa zamani na wa sasa. Jina litaandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta, kila herufi futi mbili. Mwenye kudai heshima hiyo alete ushahidi. Litatangazwa siku ya zawadi, Jumamosi tarehe 21.

Nilisoma mara tatu. Nikatoka nje, nikautazama ukuta wa jirani na kupima kwa macho. RIUNGU. Herufi sita. Linakaa vizuri.

Naandika sababu hapa ili vizazi vijavyo visisumbuke kuuliza. Mwaka wa 1994, tukicheza na shule moja ya kutoka Embu, zikiwa zimebaki dakika mbili, nilidanki. Yaani nilipaa na mpira mkononi nikautia ndani ya ringi kutoka juu, kama mtu anayerudisha sufuria kabatini. Mimi, wa futi tano na inchi saba! Ilikuwa ringi ya juu, ile ya upande wa mlima. Nilibaki hewani muda wa kutosha kumwona mpishi akitoka jikoni kuja kutazama. Tangu siku hiyo sijafanya jambo jingine la kulinganishwa na hilo, na sioni aibu kulisema.

Nimemweleza mke wangu Cicily wakati wa chakula. Aliuliza kama mchezaji bora wa zama zote anaweza kwenda kufunga mlango wa kuku.

Jumanne, 10 Juni

Adui amejitokeza. Ni Mutwiri, kinyozi wa ng'ambo ya barabara hapa Kanyakine. Alimaliza Kirumuni mwaka wa 2007, na anadai alifunga pointi arobaini na moja katika mechi moja. Silaha yake ni wateja. Mtu aliyenyolewa nusu kichwa hawezi kuondoka wala kubisha.

Nikaenda kunyolewa makusudi, nitetee historia nikiwa ndani ya ngome yake. Alinifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akawauliza wote waliokuwamo: inawezekanaje mtu wa futi tano na inchi saba adanki, ilhali yeye mwenyewe wa futi tano na inchi kumi na moja, shule ile ile, ringi ile ile, hakuweza hata siku moja?

"Mzee, hizo ni story za jaba," alisema, kana kwamba nilikuwa nimetafuna miraa, na watu wakacheka mpaka wengine wakajipiga mapaja.

Nikainuka kwa hasira. Stima ikapotea papo hapo. Nusu ya kichwa changu ilikuwa imenyolewa, nusu haikuguswa. Nikakaa tena. Nilikaa dakika arobaini, nikisikiliza wakilinganisha zama. Mutwiri alisema siku zetu wapinzani walikuwa wembamba na wenye njaa. Nikasema siku zao walikuwa na viatu, sisi tulicheza kwa miguu mitupu na mpira wenye kiraka. Wengine wakaanza mambo ya Jordan na LeBron, nani zaidi. Niliwaambia hao hawakucheza Kirumuni, kwa hivyo hawatuhusu.

Mwishowe nilimkumbusha Mutwiri kwamba mimi nilitahiriwa miaka kumi na mitatu kabla yake, na kwamba kwa desturi yetu Wameru rika la chini halilipimi rika la juu. Akajibu kwamba kwa hesabu hiyo mchezaji bora ni babu yake, ambaye hakuwahi kuuona mpira.

Stima ilirudi saa kumi. Ameacha kijistari nyuma ya sikio langu. Najua ni makusudi.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa kwanza: shahidi. Nimekwenda hadi Ruiri kumtafuta Runji, aliyekuwa kapteni wetu mwaka wa 1994. Siku hizi anafuga kondoo. Nilimpelekea dawa ya minyoo kutoka dukani, chupa kubwa, ili kumbukumbu yake ifunguke.

Ilifunguka kupita kiasi. Alisema anaikumbuka siku hiyo vizuri sana. Alisema yeye alidanki mara mbili katika mechi hiyo hiyo. Na Gichovi mwenzetu alidanki. Na mlinda lango wa timu ya kandanda, aliyeazimwa kwa sababu siku hiyo tulifika wanne tu, alidanki. Alisema kwenye ringi ya juu kila mtu alikuwa anadanki, hata yule mpishi siku ambazo hakuna ugali wa kusonga.

Wivu huo. Miaka thelathini na mmoja pamoja na kondoo humfanya mtu kuwa mchungu. Nimekata shauri nisimtaje Runji popote.

Dawa ya minyoo alibaki nayo.

Ijumaa, 13 Juni

Wateja wa Mutwiri wanataja jina la tatu. Eti Purity Mwendwa, msichana wa kidato cha nne, wa shule hiyo hiyo, wa mwaka huu huu. Nilicheka. Kisha nikafunga duka saa nane nikaenda kumtazama, kwa sababu mpinzani hudharauliwa baada ya kuonekana, si kabla.

Ni mwembamba, ana sauti ndogo, amefunga viatu kwa kamba ya gunia. Nilimhesabia kila pointi nikitafuta mahali pa kumpunguzia. Nusu ya kwanza, akishambulia ringi ya juu, alifunga ishirini na sita. Nusu ya pili, kwenye ringi ya chini, alifunga ishirini na sita. Nilihesabu upya kwa vidole. Hamsini na mbili.

Hapa nataka kuwa mkweli, maana hili ni daftari langu. Ringi ya chini sisi tuliiogopa. Ilikuwa na kisirani. Mpira ulikuwa unapita chini ya chuma au unagonga na kurudi usoni. Mwaka wa 1993 Chama cha Wakristo kilikwenda kukemea pepo pale wakati wa mapumziko, na bado mechi iliyofuata hatukufunga hata moja upande huo. Huyu msichana anafunga upande huo kana kwamba pepo alishahama.

Lakini hakudanki hata mara moja! Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya ushahidi.

Nikirudi nyumbani, maneno ya Mutwiri yakanijia: ringi ile ile. Naam! Ringi ni zile zile za 1991. Nguzo ni zile zile. Watu husahau na wengine wana wivu, bali chuma hakizeeki. Zikipimwa kabla ya kuvunjwa na kuonekana ni futi kumi kamili kama kanuni inavyotaka, basi aliyedanki ni bora kuliko asiyeweza kudanki, na mjadala umekwisha. Mutwiri mwenyewe ndiye aliyenipa kamba ya kumfungia.

Nimeandika barua rasmi kwa Madam Karwirwa nikidai kipimo cha hadharani. Nakala kwa Chifu. Nakala kwa Padri. Nakala kwa Bwana Nyaga, Afisa wa Kilimo, kwa sababu nina namba yake na barua yenye nakala tatu huogopwa zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya ushindi. Nimekwenda kwa Mzee Misheck, fundi aliyesimamisha zile nguzo. Huendi kwa mzee kama yule mikono mitupu, basi nikabeba kilo ya sukari na majani ya chai. Ana miaka karibu themanini. Maisha yake yote ameleta maji kutoka mlimani hadi mashamba ya watu, kwa mifereji na matangi, na hakuna tangi lake lililowahi kuinama.

Nilimwomba anieleze alivyozisimamisha ringi. Uso ulimng'aa. Alisema shule ilimwambia ringi mbili zilingane, na yeye hafanyi kazi ya kubahatisha. Alianza na ya chini, kwa sababu ndiko njia inakoingilia. Akapima futi kumi kutoka ardhini. Kisha akachukua bomba lake la plastiki lililojaa maji, lile analopimia matangi, akaliburuta kutoka ringi ya chini hadi ringi ya juu, akangoja maji yatulie, akafunga ringi ya pili penye alama ya maji. Haikupishana na ya kwanza hata kwa unene wa kucha. Alisema mtu akiweka ubao kutoka ringi hii hadi ile, yai halibingiriki.

Levo ya maji! Ni nani atabishana na maji? Niliyaandika yote hayo mwenyewe, maana macho yake hayaoni mstari, naye akatia kidole gumba. Nimeipeleka karatasi hiyo kwa Madam Karwirwa leo leo. Aliisoma, akatazama dirishani kuelekea uwanjani, akaisoma tena. Aliniuliza kama nina hakika nataka iwe sehemu ya ushahidi wangu. Nikamwambia ndiyo nguzo ya ushahidi wangu.

Mama huyu ananiheshimu. Nimeona.

Jumatatu, 16 Juni

Mazoezi nyuma ya duka, endapo nitaombwa kuonyesha. Nilijaribu kugusa boriti ya paa. Mara ya kwanza niligusa hewa. Mara ya pili niligusa hewa ya chini kidogo. Mara ya tatu kitu kiunoni kikalia kama kijiti kikavu, nikatua juu ya magunia ya chakula cha kuku nikabaki hapo.

Mteja aliingia, akaita, akachukua chumvi ya ng'ombe, akaacha pesa mezani, akaenda. Nilimsikia yote. Sikuweza kujibu.

Cicily alinikuta saa saba. Amenipaka yale mafuta ya kupaka viwele vya ng'ombe, ambayo nimekuwa nikiwaambia wateja yanatibu kila kitu. Hayatibu kila kitu. Alisema, "Baba Kendi, uliruka mara moja ukiwa mtoto, inatosha." Nikamwambia mwanamume haishi kwa mkate tu. Akajibu kwamba basi leo jioni nisile.

Jumatano, 18 Juni

Nitaandika haraka kabla sijabadili mambo yalivyokuwa.

Walikuja wengi kuona ringi zikipimwa. Madam Karwirwa na tepu. Mutwiri, aliyefunga duka lake la kunyolea na kuja na wateja wake, mmoja bado ana povu. Mzee Misheck katika koti la kanisani. Cicily, njiani akitoka sokoni na kikapu chake. Wasichana wa timu, na Purity nyuma yao. Chifu na Padri hawakuja. Aliyekuja ni Bwana Nyaga, Afisa wa Kilimo, ambaye ndiye niliyempa nakala kwa kujaza karatasi tu. Alisema barua yangu ilimvutia.

Walianza na ringi ya chini. Futi kumi kamili! Watu walipiga makofi. Mimi nilimshika Mutwiri mkono nikamwambia asife moyo, bado ni kijana.

Tukapanda hadi ringi ya juu. Kupanda. Nataka nikumbuke kwamba tulipanda, na kwamba mimi, kwa sababu ya kiuno, nilipumzika katikati, na bado sikuelewa.

Futi nane na inchi kumi.

Nikasema tepu imekosea. Wakapima tena. Nikamgeukia Mzee Misheck. Yeye hakushtuka hata kidogo. Alisema aliambiwa ringi mbili zilingane, na zinalingana, na kama kilima kimeinuka upande mmoja hilo ni la Mungu, si la fundi. Alituuliza ni nani aliyewahi kusikia maji yakipimwa kwa kufuata ardhi. Alikuwa amekasirika kweli. Ilibidi Madam amwombe radhi.

Mutwiri alikuwa ameanza kucheka. Kisha Bwana Nyaga akachuchumaa kwenye mguu wa nguzo.

Mtu huyu ni hatari. Alituonyesha simiti ya shina la nguzo, imesimama nje kama jino lililotoka ufizini. Alisema simiti hiyo ilikuwa chini ya udongo wakati wa kujengwa. Kila msimu wa mvua, udongo wa juu umekuwa ukiteremka na kwenda kwenye kahawa ya jirani, ambayo kwa sababu hiyo ni kahawa nzuri sana. Kisha akaonyesha rangi ya kijani iliyopakwa mwaka wa 2007, inapoishia, na kutu inapoanza chini yake. Akahesabu kwenye daftari. Mwaka wa 2007 ringi hii ilikuwa futi nane na inchi mbili kutoka ardhini. Mwaka wa 1994 ilikuwa futi saba na inchi nane.

Nilisikia mbuzi mahali fulani.

Bwana Nyaga, ambaye hajui mtu akiumia, alileta kreti ya soda na tofali moja akaviweka chini ya ringi. Alisema hapo ndipo ardhi ilipokuwa mwaka wa 1994, kwa anayetaka kujaribu. Hakuna aliyesogea. Ndipo Cicily akaweka kikapu chake chini. Nadhani alitaka kunisaidia, kuonyesha kwamba bado ni vigumu. Akapanda juu ya kreti kwa viatu vya plastiki, akapokea mpira, akaruka kidogo kama anayekwepa dimbwi.

Ukaingia.

Wasichana walipiga kelele mpaka madarasa yakafungua madirisha. Mke wangu alishuka ameshika mdomo. Alinitazama, akasema pole.

Mutwiri alicheka akainama, akacheka akakaa chini. Lakini Madam Karwirwa alikuwa amekuja na kitabu cha mechi za zamani. Alimsomea zile pointi arobaini na moja. Nusu ya kwanza, ringi ya juu: thelathini na tano. Nusu ya pili, ringi ya chini: sita. Mutwiri aliinuka akajipangusa suruali. Alisema ana mteja mwenye povu.

Alhamisi, 19 Juni

Sikufungua duka. Nimewaambia watu ni kiuno.

Si kiuno. Nimeumia. Miaka thelathini na mmoja nimekuwa mtu aliyedanki. Nilipofeli mtihani nilikuwa mtu aliyefeli lakini alidanki. Biashara ya kwanza ilipoanguka, ile ya sungura, nilikuwa mtu aliyefilisika lakini alidanki. Leo ni mwenye duka wa miaka arobaini na minane mwenye mafuta ya ng'ombe mgongoni, basi.

Jioni nilimwambia Cicily kwamba hata yeye nilimwoa kwa udanganyifu. Tulipokwenda kwao Gachoka kuposa, mjomba wangu alisimama mbele ya baba yake, Mzee Nthiga, akasema kijana wetu hupaa. Nilimwambia kama anataka kurudi kwao sitamzuia.

Cicily alikuwa anachambua maharagwe, na hakuacha. Alisema baba yake hakusikia lolote kuhusu kupaa, maana sikio lake la upande ule lilikuwa bovu. Alikubali kwa sababu siku hiyo, kwenye jua la Mbeere, niliona mama yake akishusha magunia ya ndengu peke yake nikavua koti nikambebea yote mawili bila kuambiwa. Baba yake alisema huyu ni mjinga lakini ana mgongo. Cicily alisema na yeye aliona vivyo hivyo.

Nililia kidogo. Nikasema ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Baada ya kulia nilipata wazo. Kila zama na kitabu chake, wahenga walisema. Kwa nini nipimwe kwa kitabu cha mwingine? Nikampigia Madam nikamwambia kila kizazi kiruke ringi ya zama zake, na mimi kwenye ringi yangu nilikuwa bora. Madam alisema amewapigia simu wachezaji wa mwaka wangu. Wote wanane walidanki. Na Runji alimwambia kuhusu mpishi.

Nikamwuliza kama nguzo ya ushahidi inaweza kuondolewa. Akasema imeshawekwa kwenye faili.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya zawadi. Nilikwenda kwa sababu Cicily alikuwa ameshapiga shati pasi. Nilikaa nyuma, karibu na Mutwiri. Hatukusalimiana, ila alinipisha kivulini, na mimi nikamkubalia.

Ilikuwa Purity Mwendwa. Bila shaka ilikuwa Purity. Madam alisema ndiye peke yake, katika miaka thelathini na minne, ambaye pointi zake za ringi ya chini ni sawa na za ringi ya juu. Nilipiga makofi kwa adabu, nikihesabu herufi. Purity ni sita pia. Zingetosha ukuta ule ule.

Msichana akaitwa aseme neno. Hapendi kusema. Alishika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kutoroka, akasema anamshukuru Mungu, na mama yake, na walimu. Kisha akasema anamshukuru Mzee Riungu wa duka la mbegu.

Nikatazama nyuma kuona Riungu mwingine. Hayupo.

Alisema alipokuwa na miaka minane alitumwa dukani kwangu kununua chakula cha vifaranga. Nikamsimulia danki langu lote, mpaka mpishi. Aliporudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba ataruka kama yule mzee. Tatizo ni kwamba sikumwambia ni ringi ipi. Yeye, kwa kuwa njia ya kwao inaingilia chini, alidhani ni ringi ya chini. Kila jioni akitoka kuteka maji alipita hapo kurusha, mwaka baada ya mwaka, kwenye ile ya futi kumi, kwa sababu alijua kuna mtu mfupi aliyewahi kuifikia kwa mkono. Hakuwahi kuifikia. Lakini kwa kuwa hakuweza kuruka hivyo, alijifunza kulenga.

"Kama ningejua ni hiyo ingine," alisema, "singejisumbua."

Watu walicheka, na yeye akacheka. Mutwiri alinipigapiga begani. Cicily alinitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu tulipopata Kendi. Mimi nilikuwa nimeshika programu ya sherehe, na herufi zake zilikuwa zinaogelea.

Tulipotoka nilimpa mkono. Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba nilikuwa mtoto tu na ringi ilikuwa chini na nilifurahi sana. Badala yake nilimwambia akunje magoti zaidi anaporusha.

Jumapili, 22 Juni

Nilitoka kanisani nikiwa mtu mpya. Mahubiri yalihusu unyenyekevu na yalinigusa sana. Nimemwona wazi yule ambaye yalimhusu: Mutwiri.

Nikakaa nikafikiria jambo hili kwa utulivu. Aliye bora ni Purity. Aliyemfanya Purity ni nani? Basi. Nimeandika barua kwa Madam Karwirwa, nikiomba kwa unyenyekevu kwamba chini ya jina la msichana, kwa herufi ndogo, za futi moja tu, kuandikwe jina la mwalimu wake. Nakala kwa Chifu na Padri. Kwa Afisa wa Kilimo, la.

Alasiri nilifungua duka kidogo. Akaja mtoto wa kike wa jirani, kama miaka saba, ametumwa chumvi ya ng'ombe. Alisimama mlangoni akinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Akauliza kama ni kweli mimi ndiye yule mzee aliyedanki.

Nilifunga chumvi taratibu. Niliyafikiria ya wiki nzima, kreti, tofali, uso wa mke wangu. Nilifikiria pia kwamba mtoto huyu ana mikono mirefu kwa umri wake.

Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Ringi ya chini. Mikono miwili. Na wakati huo ilikuwa futi kumi na moja.